Wenye magari ya manyueli, oili ya giaboksi nayo ibadilishwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme na wenzangu wenye magari ya manyueli, yaani ya gia za mkono, hasa haya madogo ya zamani ambayo huku mikoani ndiyo bado yanabeba familia na mizigo. Oili ya injini hatuisahau. Karatasi ya kilomita imening'inizwa karibu na usukani au imebandikwa mlangoni, na hata asiyejua kuendesha atakukumbusha kwamba siku zimefika. Lakini muulize mwenye gari yeyote pale stendi: oili ya giaboksi ulibadilisha lini? Wengi watakutazama tu. Wengine watakujibu kwa uhakika kabisa kwamba ile haibadilishwi, imewekwa kiwandani ya kudumu. Jibu hilo nimelisikia gereji, nimelisikia kwenye maduka ya spea, nimelisikia kwa madereva walioanza kuendesha kabla yangu. Si kweli, na linatumalizia giaboksi.

Mimi naishi Soni, wilayani Lushoto. Nilifundisha fizikia sekondari hadi nilipostaafu, na sehemu ya kiinua mgongo nikanunulia Toyota Corolla ya mwaka 1998, ile ya chesisi AE110, gia tano za mkono. Anayeijua barabara ya kutoka Mombo kupanda kwetu hahitaji maelezo. Unaanza chini kwenye joto, na mlima ukishaanza ni kona juu ya kona, gia ya tatu, ya pili, ya tatu, ya pili, upande mmoja ukuta wa mwamba na upande wa pili korongo. Kushuka ni vilevile, kwa sababu dereva mwenye busara hashuki mlima ule kwa breki peke yake. Anaweka gia ndogo imshikilie. Kazi yote hiyo inaangukia giaboksi, tena giaboksi iliyolowa kwenye oili isiyojaza hata dumu la lita mbili. Kwa Corolla yangu kitabu kinasema lita 1.9.

Oili hiyo haichomwi na moto kama ya injini, ndiyo maana haiwi nyeusi upesi na ndiyo maana hukaa muda mrefu. Hapo ndipo uongo wa "oili ya kudumu" ulipopata nguvu. Kukaa muda mrefu si kukaa milele. Meno ya gia yanakandamizana kwa nguvu kubwa mno, na kinachoyazuia yasikwaruzane ni utando mwembamba wa oili pamoja na dawa zilizochanganywa humo. Kila siku dawa zinapungua, na oili yenyewe inasagwa hadi inapoteza uzito wake wa kutiririka. Halafu liko jambo ambalo watu wengi hawalijui: injini ina filta, lakini giaboksi ya mkono ya gari dogo kama langu haina. Unga wa chuma unaotoka kwenye meno unabaki humohumo unazunguka. Kuna sumaku ndogo kwenye bolti ya kumwagia, inanasa kiasi inachoweza. Kinachozidi kinaingia kwenye beringi.

Mafundi wengi hushauri oili hii ibadilishwe kati ya kilomita 40,000 na 80,000. Kwetu sisi wa milimani, wenye mizigo na vumbi la kutoka Lukozi, mimi nashika ile namba ya chini. Na ukinunua gari la mtumba usiulize. Badilisha, uanze kuhesabu upya, kwa sababu aliyekuuzia naye aliuziwa.

Nieleze kisa kilichonifanya nianze kuifanya kazi hii mwenyewe nyumbani. Gari lilikuwa linagoma kuingia gia ya pili asubuhi, hasa Juni na Julai ambapo Lushoto baridi inauma. Ukilazimisha, gia inalia. Nikalipeleka gereji moja ya mjini, sitaitaja. Kabla ya kulipeleka niliweka alama ya rangi ya kucha kwenye bolti ya kujazia oili, nusu kwenye bolti na nusu kwenye mwili wa giaboksi, kwa sababu nilitaka kuona kwa macho yangu. Jioni nikaambiwa oili imebadilishwa, nikalipa oili, nikalipa na ufundi. Nilipofika nyumbani nikaingia chini ya gari na tochi. Alama yangu ilikuwa imenyooka mstari mmoja, na tope kavu limeizunguka bolti kama lilivyokuwa. Hakuna spana iliyogusa pale.

Sisemi mafundi wote wako hivyo. Ninao mafundi ninaowaheshimu sana, na mmoja wao ndiye aliyeniuzia spana yake ya 24 baada ya kusikia habari hii. Fundi hulipwa kwa kile mteja anachokiuliza na anachoweza kukikagua. Oili ya injini mteja anaichomoa stiki na kuitazama. Giaboksi ya gari langu haina stiki. Ili uione oili lazima ufungue bolti, na mteja gani analala chini afungue bolti? Ndiyo sababu nasema tulale chini tufungue. Ni kazi ya asubuhi moja, vifaa vyake ni vichache, na mtu yeyote mwenye subira anaiweza.

Jambo la kwanza ni oili yenyewe, na hapa naomba niruhusiwe kurefusha kidogo kwa sababu ndipo watu wanapoharibikiwa. Ukiingia duka la spea ukasema nataka oili ya giaboksi, muuzaji atakuuliza: 90 au 140? Halafu atainama kwenye pipa akupimie kwenye chupa ya maji. Usikubali oili ya kupima. Hujui ni ya nini, na yeye hajui. Nunua kopo lenye lakiri, kisha uligeuze usome maandishi madogo ya nyuma. Tafuta herufi API GL ikifuatiwa na namba. Hiyo ndiyo inayokuambia oili ilitengenezwa kwa ajili ya kazi gani, na ina maana kubwa kuliko hiyo 90 yako.

GL-5 imetengenezwa hasa kwa ajili ya difu, yaani gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu, zile za nyuma za Hilux, Hiace na Land Cruiser, ambako meno yanakandamizana huku yakiteleza kwa upande. Difu ya namna hiyo inahitaji dawa kali ya salfa na fosforasi, na ndani ya GL-5 dawa hiyo ni karibu mara mbili ya iliyomo kwenye GL-4. Ndani ya giaboksi mambo ni mengine. Kuna ringi za sinkronaiza, na katika magari mengi ya zamani zimetengenezwa kwa shaba ya manjano. Unapokanyaga klachi na kusukuma mkono wa gia, ringi hiyo inabanana na koni ya gia, inasuguana nayo, mpaka mwendo wa vitu viwili hivyo ulingane. Hapo ndipo meno yanaingiana kimya bila kugongana. Yaani ringi inafanya kazi kwa msuguano. Ukiweka oili inayoteleza kupita kiasi, ringi haishiki, gia inalia. Na salfa iliyo kali, giaboksi ikipata moto, huishambulia shaba polepole.

Niwe mkweli hapa, kwa sababu najua fundi mmoja atasoma barua hii na kunipinga. Toyota katika vitabu vya magari kama langu iliandika GL-4 au GL-5, zote zinakubalika, na siku hizi kuna GL-5 ambazo salfa yake imetulizwa. Kwa hiyo aliyeweka GL-5 kwenye Corolla asikose usingizi. Lakini yapo magari ambayo mtengenezaji anataka GL-4 tu, na mwenye gari hajui kwa sababu kitabu chake kilibaki Japani au kimeandikwa Kijapani. Pale kitabu kinaporuhusu zote mbili mimi huchagua GL-4. Pale ambapo sina kitabu, huchagua kutafuta kitabu kwanza. Honda, kwa mfano, ina oili yake ya giaboksi ya mkono, na kuna magari ya manyueli yanayotumia ATF, ile nyekundu ambayo wengi tunadhani ni ya otomatiki peke yake. Ukiyamiminia 90 yatakugomea.

Na hizo namba. Watu wanaona 75W-90 wanasema hiyo ni nzito mno, oili ya injini ni 40 tu. Vipimo hivyo ni viwili tofauti, kila kimoja kina mizani yake. Oili ya gia ya 75W-90, ukiipima uzito wa kutiririka, inakaribiana na oili ya injini ya 10W-40. Ile namba ya mbele yenye W ndiyo ya baridi: kadiri inavyokuwa ndogo, ndivyo oili inavyotiririka vizuri alfajiri. Kwa hiyo 75W-90 kwetu Lushoto ni bora kuliko 80W-90, ingawa mtu wa Korogwe au Tanga mjini hataona tofauti. Namba 140 ni nzito kweli. Wanaouza magari ya mtumba huipenda kwa sababu inazima kelele za beringi zilizochoka, na wapo wanaochanganya na grisi kabisa. Ukikuta giaboksi iliyotiwa grisi jua mtu alikuwa anaficha kitu.

Sasa kazi yenyewe. Endesha gari kama robo saa kwanza ili oili ipate uvuguvugu; ikiwa baridi inatoka kama asali na uchafu wote unabaki chini. Kisha uegeshe mahali tambarare kabisa. Nyumba nyingi za Usambara zina viwanja vya mteremko, na changu kimojawapo, hivyo mimi hupeleka gari kwa jirani anayefyatua matofali. Tambarare si urembo. Kipimo cha oili hii ni mdomo wa tundu la kujazia, na gari likiinama mbele au nyuma utaweka pungufu au utazidisha.

Usiingie chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki. Narudia kwa sababu hili limeua watu: jeki ni ya kubadilishia tairi, si ya kumlaza mtu chini. Wala mawe na matofali hayafai, tofali linapasuka bila kuaga. Mwenye stendi za chuma nne atumie hizo. Mimi nina mbao za mkaratusi za inchi mbili, zimepangwa tatutatu kwa ngazi na kupigiliwa misumari, seti nne, moja mbele ya kila tairi. Nawasha gari, napanda polepole, magurudumu yote manne yanakaa juu ya mbao, gari limenyooka na limeinuka kiasi cha kuniruhusu kuingia. Navuta hendibreki, naweka gia ya kwanza, naweka mawe mbele na nyuma ya tairi. Kabla sijaingia nalisukuma gari kwa mabega. Likitikisika, siingii.

Chini utaona bolti mbili. Moja iko ubavuni mwa giaboksi, kama katikati ya kimo chake. Hiyo ni ya kujazia. Nyingine iko chini kabisa. Hiyo ni ya kumwagia. Kwa Corolla yangu zote mbili ni spana ya 24. Sugua kuzunguka bolti ya juu kwa brashi ya waya na mafuta ya taa, mchanga usije ukaingia ndani, kisha fungua hiyo ya juu kwanza. Ya juu kwanza, kabla hujaigusa ya chini. Hiyo bolti ya juu ndiyo inayokaa miaka bila kuguswa, ndiyo iliyoshika kutu, ndiyo ambayo fundi wa zamani aliipiga patasi ikapoteza pembe zake. Ukishamwaga oili yote halafu ukagundua bolti ya kujazia haifunguki, umebaki na gari lisiloweza kwenda hata gereji. Bolti ya juu ikigoma, oili ya zamani bado imo ndani, unafunga vifaa vyako na kumpelekea fundi gari likitembea lenyewe. Tumia soketi ya pembe sita, si ya pembe kumi na mbili, maana hii ya pili inateleza na kuzila pembe za bolti. Ikikaza, paka mafuta ya kulegeza kutu, subiri, kisha valisha kipande cha bomba kwenye mkono wa spana uongeze urefu. Nguvu mara umbali; wanafunzi wangu wa kidato cha pili waliijua hiyo.

Ya juu ikishafunguka, weka beseni na ufungue ya chini. Oili itaruka mbele mwanzoni, kwa hiyo sogeza uso. Acha idondoke mpaka tone la mwisho, na wakati unasubiri itazame bolti ya chini. Kwenye sumaku utakuta uji wa kijivu, laini, usioumiza ukiusugua kati ya vidole. Huo ni wa kawaida, ni uchakavu wa kila siku. Ukikuta vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha, vyenye ncha, jino la gia limekatika au beringi inakufa, na hapo tafuta fundi mzuri upesi. Tazama na oili yenyewe juani. Ikimeta dhahabu, ni shaba ya ringi zako za sinkronaiza. Ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia. Gari limevuka mto au limeoshwa kwa presha chini pale penye tundu la kupumulia. Ukiwa umelala chini ya gari unaijua afya yake kuliko mtu yeyote anayeliendesha barabarani.

Yangu ilitoka ya kahawia nzito, inanuka salfa, na inameta. Hivyo nilijua mapema kwamba ringi ya gia ya pili imeshaliwa, na sitawadanganya wasomaji kwamba oili mpya iliiponya. Oili haioteshi shaba iliyokwisha. Asubuhi za baridi gia ya pili bado inataka kubembelezwa, lakini imeacha kulia, na gia ya tatu ambayo ilikuwa inaanza ugonjwa uleule imerudi laini kabisa. Kwangu hilo linatosha, kwa sababu giaboksi ya mtumba ni safari ya Gerezani, Dar es Salaam, na unaporudi nayo hujui nayo ilikuwa imewekewa nini.

Rudisha bolti ya chini pamoja na washa mpya ya alumini, ile ringi bapa inayozuia oili isivuje. Ya zamani imeshabonyea, itavuja. Kukaza ndiko kunakoharibu giaboksi nyingi, kwa sababu mwili wake ni alumini na bolti ni chuma, na vijana wetu wanakaza kwa hasira. Kwa giaboksi hii kiwanda kinataka nguvu ya kukazia ya niutoni mita 39. Asiye na spana ya kupimia afanye hesabu: kwa spana ya urefu wa sentimita 25 ni kama kuvuta kwa nguvu inayoinua ndoo ya maji ya lita 16. Hiyo ni nguvu ya mkono mmoja wa mama wa kawaida. Haihitaji kuning'inia na mguu.

Kujaza ni raha, ingawa mikono haifiki vizuri. Kata kichwa cha chupa ya maji ya lita moja na nusu, kivalishe mpira mwembamba msafi wa kama mita moja na nusu, upitishe mpira kutoka juu chini ya boneti, katikati ya nyaya na mabomba, mpaka uingie kwenye tundu la kujazia. Miminia taratibu. Hapo ndipo msaidizi anahitajika. Siku moja kijana wa bodaboda alinikuta nimelala chini, akasimama. "Shikamoo mwalimu, kazi hii si uwaachie mafundi?" Nikamwambia marahaba mwanangu, nishikie chupa. Alishika chupa mpaka mwisho, na alipoona uji wa sumaku akaanza kuniuliza habari za oili ya pikipiki yake. Nilifurahi sana siku ile.

Oili ikianza kurudi nje kupitia tundu, acha. Subiri idondoke mpaka itulie. Kisha ingiza ncha ya kidole, uikunje kuelekea chini: oili iwe usawa wa mdomo wa tundu au chini yake kwa milimita zisizozidi tano. Usijaribu kuongeza kidogo cha baraka. Ikizidi inachafuka kwa povu, inapata moto na kutafuta njia ya kutokea kwenye sili, na sili ya upande wa injini ikivuja, klachi inaloa. Funga bolti ya juu na washa yake mpya, futa kila kitu kikauke, teremsha gari. Endesha, pitia gia zote pamoja na rivasi, na kesho yake asubuhi tazama chini kama kuna tone.

Mhariri, liko jambo la pili, nalo linaniuma kuliko hilo la giaboksi. Oili chafu iliyotoka tunaipeleka wapi? Huku kwetu inamwagwa nyuma ya nyumba, au kwenye mtaro, au inapakwa kwenye nguzo za uzio kuzuia mchwa. Maji ya Soni hayabaki Soni. Yanashuka kwenye maporomoko hadi Mombo, na huko chini wakulima wa mpunga wanayafungulia mashamba yao. Tunachomwaga sisi juu wanakipata wao. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira tunayo tangu mwaka 2004, lakini mtu wa kawaida mwenye lita mbili za oili chafu kwenye dumu haoneshwi mahali pa kuipeleka. Mimi nina madumu yamepangwa stoo, yameandikwa kwa kalamu ya wino mzito, na kila ninaposhuka Mombo nabeba moja nampelekea mwenye gereji anayekusanya pipa na kuliuza kwa wanaokuja kulichukua. Hiyo ni bahati yangu ya kumjua mtu. Naiomba halmashauri yetu, na halmashauri nyingine zinazosoma, iweke pipa moja lenye mfuniko katika kila stendi kubwa, na vituo vya mafuta vinavyotuuzia oili mpya vikubali kupokea ya zamani. Vinajua kuipokea fedha. Vipokee na mzigo unaofuata.

Na VETA, ambao wanafundisha vijana ufundi kwa miaka, nawaomba wafikirie kozi ya Jumamosi chache kwa wenye magari tu. Si kutufanya mafundi. Ni kutuonesha bolti ipi ni ipi, kusoma kopo la oili, kuinua gari bila kujiua. Wanawake wenzangu wanaoendesha wameongezeka sana huku milimani, walimu, manesi, wafanyabiashara wa mboga, na wengi wao wananiuliza maswali haya sokoni kwa sauti ya chini wakiogopa kuonekana hawajui. Wasiogope. Hata anayewacheka, ukimuuliza oili ya giaboksi yake ni GL ngapi, atanyamaza.

Nimeandika kuhusu gari linalovuta kwa magurudumu ya mbele, ambalo giaboksi na difu vinatumia oili moja. Wenzangu wa Hilux na Hiace wana difu ya nyuma yenye oili yake peke yake, na huko GL-5 ndiyo mahali pake. Sijawahi kufanya kazi hiyo kwa mikono yangu, kwa hiyo naomba msomaji mwenye Hilux aliyewahi kuibadilisha nyumbani atuandikie hapa, atuambie na tundu la kupumulia la difu lilivyo, maana wengi wao wanavuka mito kuliko mimi.

Mwalimu mstaafu,
Soni, Lushoto, Tanga.
(Jina limehifadhiwa)